Noti za Kale Katika Kasha la Bibi



Bibi yetu mzaa mama alipofariki na matanga yakaanuliwa, mama, khalati na mjomba walikutana nyumbani kwake hapa Mariakani kufungua kasha lake. Juu mlikuwa na doti za leso ambazo hazijakatwa, kisha chetezo na kijaluba cha udi. Chini kabisa mlikuwa na kitambaa cha bafta kilichopigwa fundo. Ndani ya fundo hilo tulikuta noti kumi na moja ambazo sisi wajukuu hatujapata kuziona maishani.

Mjomba alicheka. “Hizi hata kiberiti hazinunui,” akasema. Alimjua kijana mmoja anayepita madukani akinunua vitu vya kale, naye alikuwa tayari kutoa shilingi elfu moja kwa fundo zima. Khalati akamzuia kwa upole: “Kaka, kabla hatujauza, tujue kwanza ni nini, na ni mali ya nani.”

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyotuongoza kuandika makala haya, kwa kuwa makasha ya namna hii yako katika nyumba nyingi za pwani.

Tuanze na swali la kwanza. Mwanzoni mwa karne iliyopita watu wa pwani yetu walitumia rupia. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza bei ya fedha ilipanda sana, na thamani ya rupia ikayumba. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919. Mwaka 1920 ikaleta florini badala ya rupia, na mwaka uliofuata florini nayo ikaondolewa, ikaja shilingi. Katika muda mfupi watu walibadilishiwa pesa mara mbili, na wako waliobaki na rupia mikononi zisizopokelewa tena.

Noti za Bodi zina picha ya mfalme wa Uingereza, George wa Tano au wa Sita, na baadaye Malkia Elizabeth wa Pili. Nyuma yake yupo simba mbele ya milima. Thamani imeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi za Kiarabu na kwa Kigujarati. Mwaka 1964 zikatoka noti zisizo na picha ya malkia, zenye chombo cha tanga ziwani. Tarehe 14 Septemba 1966 Benki Kuu ya Kenya ilitoa noti zake za kwanza, zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, na mwaka 1969 pesa za Bodi zikakoma kuwa halali nchini.

Tisa kati ya noti za bibi zilikuwa za Bodi, na moja ilikuwa ya chombo. Ya kumi na moja ndiyo iliyotushangaza: rupia tano ya Serikali ya Zanzibar, yenye mchoro wa jahazi. Zanzibar ilitoa noti zake kuanzia mwaka 1908 hadi rupia ilipoondolewa mwaka 1936, kila rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Kwa kuwa nyingi zilirudishwa, zilizosalia ni adimu, na wakusanyaji wa nchi za mbali huzitafuta kwa bei kubwa. Laiti tungeliuza fundo zima kwa elfu moja, tungelijidhulumu sisi wenyewe.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi. Kila alichoacha maiti ni tirka: hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, na kinachobaki ni cha warithi. Aya za 11 na 12 za Suratun-Nisaa zimewataja wanawake kwa mafungu yao. Lakini mara ngapi vitu vya ndani ya kasha hugawanywa kwa haraka kama ukumbusho tu, bila kuthaminiwa, na haki ya binti ikapotea humo? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mama alichukua daftari akaandika kila noti: thamani yake, tarehe, namba na hali yake. Warithi wote watatu wakatia sahihi. Noti zitathaminiwa na zaidi ya mtu mmoja, na atakayetaka kubaki na moja atafidia wenziwe katika fungu lake. Mjomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali.

Wenye noti kama hizi wazingatie machache. Msizifue, msizipige pasi, wala msizibandike kwa gundi. Noti iliyoguswa hivyo hupungua thamani, na isiyo na kunjo hupendwa zaidi. Wekeni kila moja katika bahasha yake, mahali pakavu, mbali na jua, mende na mchwa, maana unyevu wa pwani ni adui mkubwa wa karatasi. Msiuze siku ile ile mnayotajiwa bei. Na anayenunua, ikiwa anaijua thamani, asimfiche mjane au yatima asiyeijua, kwani ghishi katika biashara ni haramu. Kuhusu hukumu za kuuza pesa zilizokwisha muda na zaka yake, waulizeni mashekhe.

Limebaki moja. Bibi hakujua kusoma herufi za Kizungu, lakini za Kiarabu alizisoma tangu chuoni. Noti za mfalme alizisoma mwenyewe. Za mwaka 1966 hazikuwa na herufi hizo. Pengine hakupata mtu wa kumweleza kwamba akiba yake ina siku ya mwisho.

Mwaka 2019, noti za zamani za elfu moja zilipopangiwa kukoma mwisho wa Septemba, bibi alizunguka nyumba za jirani akiwahimiza wanawake: “Fungueni makasha yenu.” Tulidhani ni wasiwasi wa uzee. Sasa tumelifahamu neno lake, nasi tunalifikisha kwenu kama amana: fungueni makasha mkiwa hai, na mwambieni mtu mmoja mwaminifu yaliyomo.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.