Jiko Jipya kwa Vyombo Vikuukuu

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nami nikipita katika mitaa yetu ya Mombasa siku hizi naona kidonda hicho kimehamia jikoni. Zamani mgeni aliyekuja nyumbani aliketishwa sebuleni, akanywa kahawa yake, akaenda zake bila ya kujua sufuria ziko upande gani. Leo jiko ndilo linaloonyeshwa. Makabati sharti yang'ae, meza iwe ya jiwe, bomba liwe na shingo ndefu kama ya korongo. Asiyekuwa na hayo huufunga mlango wa jikoni akisikia hodi.

La ajabu ni kwamba watu hao hao hawaoni haya kuendesha gari lililokwisha tumika Japani miaka saba. Gari hilo likifika hufukizwa udi na jirani huja kutoa mkono wa heri. Lakini mwambie mwenye gari anunue kabati la jikoni lililotumika, atakutazama kana kwamba umemtukania wazee wake.

Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale. Ni nyumba ya mawe, yenye kuta nene za matumbawe na chokaa, na dari ya boriti. Humo anakaa Mama pamoja na dada yangu, na dada huyu riziki yake inatoka katika jiko hilo: mahamri ya alfajiri, sambusa na katlesi za jioni, na mwezi wa Ramadhani ndio msimu wake wa mavuno. Jiko lenyewe lilikuwa la makaa, chini sakafuni. Magoti ya Mama yamekataa kuchutama, na moshi umempa dada kikohozi kisichosikia dawa. Ikawa hapana budi jiko libadilishwe, na libadilishwe kabla ya mwezi kuandama.

Tulimwita mwenye duka la majiko ya kisasa. Akapima kwa utepe, akaandika, akatuletea hesabu ya shilingi 342,000. Sisi mkononi tulikuwa na shilingi 165,000, nyingi zikiwa ni za dada, alizoziweka mchezo kwa mchezo na wanawake wenzake. Bwana yule alipoziona nyuso zetu aliongeza kwa upole kwamba iko kampuni ya mikopo itakayomlipa yeye, nasi tuilipe kampuni kwa miezi 24 pamoja na riba yake. Mama alikuwa kimya tangu mwanzo. Hapo akasema, "Mwanangu, jiko hili limewalea nyote kwa halali. Usinitilie riba ndani yake." Maneno yakaishia hapo, na mimi nikaanza kutafuta vyombo vilivyotumika.

Mtu asiyejua hudhani mali kuukuu ni ile iliyotupwa tu. Sivyo. Katika pwani yetu vyombo vya jiko vilivyotumika vina njia zake za kupita, na kila njia ina tabia yake.

Ya kwanza ni mahoteli. Mwaka 2014, baada ya Uingereza na nchi nyingine kuwaonya watu wao wasije Mombasa, hoteli kadhaa za ufukweni zilifungwa, na nyingine zikafuata mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona. Hoteli ikifungwa, au ikibadilisha jiko lake, vyombo huuzwa: sinki, meza za chuma kisichoshika kutu, rafu, masufuria ya kupikia watu mia. Vyombo hivi vimetengenezwa kwa kazi nzito, na havitishiki na mahamri ya Kibokoni.

Ya pili ni maduka yenyewe. Duka la majiko husimamisha jiko zima ndani ya duka ili wateja waone. Mtindo ukibadilika, lile la maonyesho huvunjwa, na mwenye duka hulitoa kwa nusu ya bei au chini yake, maana linamla nafasi. Huko Uingereza jambo hili ni la kawaida kabisa; mpwa wangu aliyeko huko ameniambia watu huwekeana zamu kulingoja. Hapa kwetu wachache ndio wanaouliza, na asiyeuliza haambiwi.

Ya tatu ni makontena. Ndugu zetu walioko Uingereza na Arabuni hutuma au hurudi na vyombo vya nyumbani, na wako wafanyabiashara walioifanya hiyo ndiyo kazi yao. Hapa, msomaji wangu, tazama umeme. Wetu ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Uingereza, Omani na Dubai wanakwenda sawa na sisi kwa mizunguko hiyo. Lakini Saudia mizunguko yao ni 60, na chombo chenye mota kilichotengenezwa kwa ajili ya huko huenda polepole kwetu na kupata moto. Marekani volti nazo ni nusu ya zetu, kwa hivyo friji ya huko ni hadithi nyingine kabisa. Yote hayo huandikwa katika kibati kidogo nyuma ya chombo, na muuzaji anayekukataza kugeuza chombo ukisome, mwachie chombo chake.

Iko na njia ya nne, mnada wa forodha wa bidhaa zilizokaa bandarini bila ya kutolewa na wenyewe. Mimi niliupita kando. Bidhaa huuzwa kama zilivyo, mara nyingi kwa fungu kubwa, na hapana pa kuchomeka waya ujaribu.

Nilianza na makabati. Nilipata ya maonyesho katika duka moja upande wa Nyali, matatu ya chini na moja refu, kwa shilingi 58,000. Faida ya kabati la maonyesho ni kuwa halijapata kuonja maji. Makabati mengi ya siku hizi si ubao, ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kuvikwa ngozi nzuri, na unga huo ukinyonya maji huvimba kama mkate uliotiwa chaini. Kwa hivyo kabati lililotumika liinamishe utazame nyayo zake na pale sinki lilipokaa. Likiwa limevimba, hata ukipewa bure ni ghali. Upungufu wa kabati la maonyesho uko kwingine. Bawaba zake zimefunguliwa na kila mpita njia, upande uliotazama dirisha umepauka kwa jua, na mara nyingine droo ni uso tu, nyuma yake hamna kitu. Langu moja lilikuwa hivyo, na muuzaji mwenyewe ndiye aliyenionyesha kabla sijaigusa. Nilimpenda kwa hilo, na sikumpunguzia bei tena.

Jambo lililotupa kazi zaidi halikuwa makabati bali kuta. Wenye nyumba za mawe watanielewa. Boriti za mikoko hazina urefu, ndiyo maana vyumba vya wazee wetu ni virefu lakini vyembamba, upana wake hauzidi sana mita mbili na nusu. Kabati la kiwanda lina kina cha sentimita 60. Ukipanga makabati pande zote mbili, unabakiwa na ujia ambao dada yangu na sinia yake hawapiti pamoja. Tukaweka upande mmoja tu. Tena ukuta wa matumbawe haukunyooka. Pembeni kwetu ulitofautiana vidole vinne kati ya chini na juu. Na parafujo haina imani na chokaa, hung'oka na bonge lake. Fundi seremala, mzee wa Kibokoni asiyependa haraka, alikataa katakata kutundika kabati lolote ukutani. Yote yakasimama chini, juu ya miguu ya mbao, nyuma pakaachwa nafasi ya mkono ukuta upumue. Nyumba hizi zapumua, na ukizipaka saruji unyevu hubaki ndani na chumvi ikala ukuta. Palipokuwa pamebanduka tulirudishia chokaa.

Meza ya jiwe tuliisahau. Seremala alipata ubao mmoja mnene wa mvule uliokuwa kaunta ya duka lililovunjwa, shilingi 9,000, akauranda na kuupaka mafuta. Kwa macho yangu unalipita lile jiwe la shilingi elfu themanini, lakini pengine ni mapenzi ya mwenye mali.

Sinki pamoja na meza yake ya chuma lilitoka hotelini, shilingi 21,000. Nilikwenda nalo na sumaku mfukoni. Chuma kisichoshika kutu kilicho kizuri hakivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo tu pale kilipokunjwa. Kile hafifu hunasa mara moja, na kwa hewa yetu ya chumvi huota madoadoa ya kutu mapema. Muuzaji alicheka akaniuliza kama mimi ni mganga. Nilicheka pia, nikaendelea kupitisha sumaku yangu.

Sasa, chombo cha hoteli ya watalii kina suala ambalo chombo cha duka hakina. Humo hupikwa nyama ya nguruwe na humiminwa pombe. Dada alisita, na ana haki ya kusita, kwa kuwa wateja wake wanamla kwa imani. Nikamwendea maalim wetu. Akanieleza kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, chombo kilichoguswa na najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, moja kati yake ikiwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi, na baada ya hapo ni tohara. Pombe haihitaji hesabu hiyo, chombo huoshwa mpaka athari yake iondoke. Mama alisimamia kazi hiyo mwenyewe akiwa amekaa juu ya kiti, akihesabu kwa vidole, na udongo aliuchagua yeye. Mbao za kukatia nyama tulizopewa kama nyongeza tulizirudisha. Ubao una nyufa na hunywa, na roho ya dada haingetulia.

Limebaki jiko la gesi, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa masikio yote mawili. Nilinunua jiko la Uingereza lenye matundu manne na tanuri, shilingi 17,500, safi kama jana. Lakini majiko mengi ya Uingereza hutengenezwa kwa gesi inayopita katika mabomba ya mtaani, nayo siyo hii yetu ya mtungi. Ya mtungi ina nguvu zaidi, kwa hivyo vitundu vinavyotolea gesi vyatakiwa viwe vidogo. Ukiliwasha bila ya kubadilisha, moto huruka mrefu, wa manjano, wenye masizi, na katika chumba chembamba hewa yake ni sumu. Ujue mapema, ukampe fundi wa gesi kazi yake. Wetu alibadilisha vitundu vyote pamoja na vya tanuri, akajaribu maungio kwa povu la sabuni, na moto ukasimama wa buluu. Mpira wa gesi na kichwa cha mtungi tulinunua vipya dukani. Hivyo viwili sitamshauri mtu yeyote anunue vilivyotumika, hata kwa ndugu yake.

Friji hatukununua, ya zamani bado inagandisha. Wanaonunua, wachomeke karatasi mlangoni waufunge. Karatasi ikichomoka bila ya kushikwa, mpira umekufa. Na friji iliyosafirishwa kwa kulazwa isiwashwe papo hapo, isimamishwe saa kadhaa kwanza.

Neno kuhusu madalali. Sheria yetu imemwekea muuzaji wajibu wa kuitaja aibu ya bidhaa yake, na ikidhihiri aibu iliyofichwa, mnunuzi ana hiari ya kurudisha. Wauzaji wengi niliokutana nao, Waislamu na wasio Waislamu, waliuheshimu mwendo huo. Mmoja hakuuheshimu. Alitaka nilipe kwanza, chombo nikione baadaye, na nilipodai risiti akasema baina ya watu wa mji mmoja risiti ni kutoaminiana. Mimi naona kinyume. Vitu vinaibwa, na risiti ndiyo itakayokuambia baadaye kama sinki lako lilikuwa na mwenyewe. Niliondoka.

Hesabu ni hii. Makabati, sinki, jiko na ubao ni kama nilivyotaja. Seremala 22,000, fundi wa bomba 8,000, fundi wa gesi pamoja na vifaa vyake 6,500, chokaa na vigae 12,000, pikapu na mikokoteni 5,000, kwa kuwa pikapu haiingii kichochoroni kwetu. Jumla shilingi 159,000. Zikabaki 6,000, dada akanunua unga na mafuta.

Kazi ilichukua wiki saba, ambapo mwenye duka alituahidi wiki mbili. Huo ndio ughali wa vitu hivi, unalipa kwa miguu na kwa subira, na mwenye kazi ya ofisini asubuhi hadi jioni huenda asiweze. Milango ya kabati refu ni ya rangi tofauti kidogo na ile ya chini, na shangazi yangu aliliona hilo kabla hajaketi. Mama sasa hukanda unga akiwa ameketi mbele ya mvule, na jiko la makaa limepelekwa uani, kwa ajili ya samaki wa kupaka, maana huyo amekataa gesi.