Kupima Kabla ya Kuandika
Mwaka 2001 wataalamu 17 wa programu za kompyuta walikutana Utah, Marekani, wakatoa tamko lililothamini programu inayofanya kazi kuliko rundo la maelezo. Miongoni mwa desturi zilizoambatana na mwelekeo huo ni kuandika jaribio kabla ya programu yenyewe. Kwanza jaribio hushindwa, kwa kuwa kinachopimwa hakijakuwapo; kisha programu huandikwa hadi jaribio lifaulu.

Je, desturi hii ina faida? Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi wa vikundi vinne vilivyoifuata, kimoja cha IBM na vitatu vya Microsoft. Vilipolinganishwa na vikundi vya kazi za namna hiyo visivyoifuata, idadi ya makosa kwa kila mistari elfu ya programu ilikuwa pungufu kwa asilimia 40 hadi 90. Hata hivyo, muda wa kazi uliongezeka kwa asilimia 15 hadi 35, kwa makadirio ya wasimamizi wao.

Lakini vikundi hivyo havikuteuliwa kwa bahati nasibu. Yamkini ustadi wa watu wake nao ulichangia. Majaribio mengine hayakutoa jibu moja. Hivyo, tarakimu kubwa peke yake si ithibati; sharti kwanza sababu nyingine zichunguzwe na kuondolewa.