Vyuma vya Japani katika Visu vya Kukunja

Mpenzi wa visu vya kukunja akipewa kisu kipya, hutazama kwanza maandishi madogo yaliyochongwa kwenye bapa, karibu na mpini: VG-10, AUS-8, ZDP-189, H-1. Hayo ni majina ya vyuma vya pua, na yote manne yametoka Japani. Kwa miongo kadhaa vyuma hivyo vimekuwa na wafuasi wao Marekani na Ulaya, watu wanaovipima kwa kukata kamba, maboksi na karatasi, kisha wakabishana usiku kucha kipi ni bora. Ubishi wao una msingi katika kemia. Tofauti nyingi anazozihisi mtumiaji mkononi zinarudi kwenye swali moja: ndani ya chuma hicho mna kaboni kiasi gani, na kaboni hiyo imejifunga na nini?

Kisu cha kukunja cha Kijapani kinachojulikana zaidi ni higonokami, kilichoanza kutengenezwa katika mji wa Miki, mkoani Hyogo, mwishoni mwa karne ya 19. Mpini wake ni bamba la chuma au la shaba nyeupe lililokunjwa tu, na hakina kufuli. Kidole gumba ndicho kinachokandamiza ulimi mdogo wa chuma ili bapa lisijifunge. Watoto wa shule walichongea penseli kwa kisu hicho. Mwezi Oktoba 1960 mwanasiasa Inejiro Asanuma aliuawa jukwaani kwa upanga mfupi na kijana wa miaka 17, na kampeni ya kuwanyang'anya watoto visu iliyofuata ikaiua biashara ya mafundi wengi. Leo ni karakana moja tu, ya ukoo wa Nagao, inayoendelea kukitengeneza huko Miki. Sheria ya Japani nayo ni kali: kutembea na kisu chenye makali yanayozidi sentimita 6 bila sababu ya msingi ni kosa, ingawa baadhi ya visu vya kukunja vimepewa nafuu kidogo.

Ufundi wenyewe haukufa. Mji wa Seki, mkoani Gifu, ambao kwa karne nyingi ulifua panga, uligeuka kuwa kitovu cha visu vya kiwandani, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Spyderco ya Colorado, Marekani, imekuwa ikitengenezesha visu vyake huko. Kwa njia hiyo vyuma vya Japani viliingia katika mifuko ya Wamarekani. Vinatoka sehemu chache tu. Yasugi, mkoani Shimane, kuna kiwanda kilichokuwa cha Hitachi Metals, ambayo tangu 2023 inaitwa Proterial. Echizen, mkoani Fukui, kuna Takefu Special Steel, na mkoa wa Aichi una Aichi Steel, mojawapo ya kampuni za kundi la Toyota. Eneo la Shimane ndilo lenye historia ndefu zaidi. Katika milima yake mchanga wa chuma uliyeyushwa kwa makaa ya kuni katika matanuri ya udongo yaitwayo tatara, na tangu 1977 tanuri moja la namna hiyo limekuwa likiwashwa tena kila majira ya baridi ili wafua panga wapate malighafi.

Chuma kitupu ni laini. Kikitiwa kaboni, kikapashwa moto mpaka kiwe chekundu na kupozwa ghafla, atomi za kaboni hunaswa katikati ya atomi za chuma na kuzibana zisiteleze. Hali hiyo huitwa martensaiti, na ndiyo inayokipa kisu ugumu. Baada ya hapo fundi hukipasha tena moto wa wastani ili kupunguza wepesi wake wa kuvunjika, maana kisu kigumu kupita kiasi hupasuka kama hakikufanyiwa hivyo. Ugumu unaopatikana hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, ambapo koni ndogo ya almasi hukandamizwa juu ya chuma na kina cha alama yake kikasomwa. Visu vingi vizuri vya kukunja huwa kati ya nyuzi 58 na 62.

Kaboni inayozidi mahitaji ya martensaiti haipotei. Hujifunga na kromiamu, vanadi, tangisteni au chuma chenyewe, na kufanya chembe ngumu sana ziitwazo kabaidi, zilizotawanyika ndani ya chuma mfano wa kokoto kwenye zege. Kwa kipimo kingine cha ugumu, cha Vickers, martensaiti ya kisu ina takribani 700 hadi 800, kabaidi za kromiamu hupita 1,500, na za vanadi hukaribia 2,800. Chembe hizo ndizo zinazozuia makali kulika yanapopita kwenye boksi au kamba. Zikiwa kubwa au nyingi mno, makali hupata mapengo, kwa sababu ufa huanzia pale chembe inapokutana na chuma kilichoizunguka.

Kromiamu ina kazi ya pili, nayo ndiyo inayowachanganya wanunuzi. Ikiwa huru ndani ya chuma kwa kiasi cha asilimia 10 au 11 na zaidi, hukutana na hewa na kujenga utando mwembamba usioonekana unaozuia kutu. Ila ni kromiamu iliyo huru tu ndiyo yenye faida hiyo. Iliyokwisha kufungwa ndani ya kabaidi haizuii kutu hata kidogo. Kwa hiyo asilimia ya kromiamu inayoandikwa kwenye tangazo la kisu haitoshi kumwambia mtu kama kisu chake kitapata kutu.

Chuma cha Japani kilichopata sifa kwanza miongoni mwa mafundi wa Marekani ni ATS-34 ya Yasugi, yenye kaboni kama asilimia 1, kromiamu 14 na molibdenamu 4. Inafanana na chuma cha Kimarekani 154CM, na aliyevitangaza vyote viwili ni Bob Loveless, fundi wa visu wa California. Katika miaka ya 1990 ATS-34 ilikuwa alama ya kisu cha bei ya juu. Wenye kuitumia waligundua kuwa hutoa madoa kuliko walivyotarajia kwa chuma chenye kromiamu nyingi kiasi hicho. Sababu mojawapo ni upashaji moto wa mwisho: ukifanywa kwenye joto la nyuzi 500 hivi za Selsiasi, kabaidi mpya ndogondogo huzaliwa na kuinyonya kromiamu iliyokuwa huru.

AUS-8 ya Aichi ilichukua upande mwingine wa soko. Kaboni yake haifiki asilimia 0.8, hivyo kabaidi ni chache, makali huisha mapema, lakini kisu hunolewa upesi kwenye kinoo chochote na hakipasuki ovyo. Kampuni ya Cold Steel iliitumia kwa miaka mingi. Wapenzi wa visu huidharau kwa kuwa ni ya bei nafuu, na dharau hiyo haina haki. Kwa mtu anayenoa kisu chake kila wiki, AUS-8 iliyopikwa vizuri, yaani iliyopashwa moto na kupozwa ipasavyo, haina upungufu wa maana.

VG-10 ya Takefu ndiyo iliyoenea kuliko zote. Ina kaboni asilimia 1, kromiamu 15, molibdenamu 1, kobalti 1.5 na vanadi kidogo. Spyderco iliifanya chuma cha kawaida cha Delica na Endura, visu viwili vilivyozinduliwa 1990 na ambavyo hadi leo hutengenezwa Seki. Inapendwa kwa sababu haina udhaifu mkubwa popote: inafika ugumu wa 60, inashika makali membamba, inavumilia jasho la mfukoni. Lalamiko linalosikika ni ukaidi wa kijiwimbi cha chuma kinachobaki ukingoni wakati wa kunoa. Hakikatiki kirahisi, hupinda huku na kule, na asiyekuwa na subira huacha kisu kikiwa kikali kwa siku moja tu. Dawa yake ni kupunguza nguvu ya mkono katika pitisho za mwisho na kubadili upande kila pitisho.

ZDP-189, ambayo nayo ni ya Yasugi, ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi mvutano kati ya kaboni na kromiamu. Ina kaboni asilimia 3 na kromiamu 20. Kwa kawaida chuma chenye kaboni zaidi ya asilimia 2 hivi huhesabiwa kuwa chuma cha kusubu, kisichofulika. ZDP-189 iliwezekana kwa teknolojia ya unga: chuma kilichoyeyuka hupulizwa kwa gesi kikawa matone madogo yanayoganda papo hapo, kabla kabaidi hazijapata muda wa kukua. Unga huo hufungwa ndani ya mkebe na kushindiliwa kwa joto na shinikizo kubwa mpaka uwe kipande kimoja kizima. Matokeo ni chuma kinachofikia ugumu wa 64 hadi 66 bila taabu. Rockstead, kampuni ya Kijapani ambayo visu vyake huuzwa dola 1,000 na zaidi, hukifikisha karibu na 67.

Hesabu ya kromiamu yake inafaa kufanywa. Kabaidi ya kromiamu iliyo ya kawaida katika vyuma hivi ina atomi saba za metali kwa tatu za kaboni. Kwa uzito, gramu moja ya kaboni ikijifunga na kromiamu tupu huchukua takribani gramu kumi. Tuseme katika ZDP-189 nusu asilimia ya kaboni imebaki kwenye martensaiti, na asilimia 2.5 imeingia kwenye kabaidi. Kiasi hicho kingeweza kumeza kromiamu asilimia 25, ilhali iliyopo ni 20 tu. Kinachoiokoa ni kwamba atomi za chuma hujaza sehemu ya nafasi hizo, na kromiamu fulani inasalia. Hata hivyo haisalii nyingi. Ndiyo maana wenye visu vya ZDP-189 hukuta vidoa vya rangi ya kahawia kwenye makali baada ya kukata tunda na kusahau kufuta, jambo linalowashangaza waliosoma namba 20 wakadhani wamenunua kinga. Kwa ugumu wake wote, chuma hiki hakipendi kupindishwa: ukikitumia kuchokoa msumari, makali yanameguka.

H-1 iko kinyume chake kabisa. Kaboni yake ni asilimia 0.15 tu, na nafasi yake imechukuliwa kwa sehemu na naitrojeni ya asilimia 0.1 hivi, pamoja na nikeli 6 hadi 8. Kromiamu ni 14 hadi 16, chache kuliko ya ZDP-189, lakini karibu yote iko huru. Kisu cha H-1 hukaa majini baharini bila kupata kutu, na ndiyo sababu Spyderco ilikichagua kwa mfululizo wa Salt, wenye mipini ya manjano inayoonekana chini ya maji, unaopendwa na wapiga mbizi na wavuvi. Ugumu wake hautokani na kupoza ghafla kama ilivyo kwa vyuma vingine. Hutokana na chuma chenyewe kukandamizwa kikiwa baridi. Kabaidi karibu hazimo, kwa hiyo makali ya kawaida huisha haraka. Wenye uzoefu huchagua H-1 yenye meno, kwa kuwa meno huendelea kurarua kamba hata ncha zake zikishakuwa butu.

Wapo pia wanaoikataa kinga ya kutu kwa makusudi. Aogami Super ya Yasugi ina kaboni kama asilimia 1.4, tangisteni 2 hivi, na kromiamu isiyofika hata nusu asilimia. Kata ndimu kwa kisu hicho, na baada ya dakika chache makali yanageuka kijivu cha buluu. Usipokifuta, kesho yake kina kutu. Watengenezaji mara nyingi hukifunika pande zote mbili kwa chuma laini kisichoshika kutu, ukabaki wazi ukingo wa makali peke yake. Kinachowavuta watu ni wembamba wa makali yake na urahisi wa kunoleka: kabaidi zake ni ndogo, na kinoo cha maji huzikata bila shida.

Kupima vyuma hivi kwa haki ni kazi ngumu. Mashine ya CATRA ya Sheffield, Uingereza, hukata karatasi ngumu zilizochanganywa na mchanga wa silika na kuhesabu ni kiasi gani kisu kimekata kabla hakijachoka. Larrin Thomas, mtaalamu wa metali wa Marekani aliyechapisha kitabu cha Knife Engineering mwaka 2020, ameonyesha kwa vipimo vya aina hiyo kwamba pembe ya makali huathiri matokeo sana: chuma cha kawaida kilichonolewa kwa pembe nyembamba hukishinda chuma ghali kilichonolewa kwa pembe butu. Upishi wa chuma nao hubadilisha tabia yake, na haumo katika jina lililochongwa kwenye bapa. Spyderco iliona haja ya kulinganisha, ikatoa mfululizo wa Mule Team, visu visivyokunjika vya umbo moja na vyuma tofauti tofauti, ili mnunuzi ajipimie mwenyewe.

Thomas huyohuyo alibuni CPM MagnaCut, chuma cha unga cha Kimarekani kilichotoka 2021. Kina kromiamu asilimia 10.7, namba ambayo mnunuzi wa zamani angeipuuza. Kimeundwa kwa namna ambayo kaboni hujifunga na vanadi na niobi na kuiacha kromiamu huru, na kinazuia kutu kuliko VG-10 na ATS-34. Spyderco imeanza kukitumia hata katika mfululizo wa Salt. Kwa bei na kwa urahisi wa kupatikana, VG-10 bado ni chaguo la busara kwa anayetaka kisu kimoja cha kila siku. ZDP-189 inamfaa anayekata vitu laini na mwenye kinoo cha almasi, na kwa anayeishi na maji ya chumvi, H-1 ingali na nafasi yake.