Fahamu: Kwa nini data za zamani hazihami zenyewe?

Novemba 2025, toleo la 13 la PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, liliacha kupata marekebisho ya usalama. Kila toleo kubwa huhudumiwa kwa miaka 5 tu, kisha wenye data hulazimika kuhama.

Kusakinisha toleo jipya kunatosha?
Hapana. Mpangilio wa ndani wa mafaili hubadilika. Toleo la 18 likikuta mafaili ya toleo la 13, hukataa kuwaka.

Data huhamishwaje?
Kuna njia mbili kuu. Zana ya pg_dump huziandika data kama maagizo, kisha toleo jipya huyafuata na kujenga hifadhidata upya tangu msingi. Data zikiwa nyingi, kazi hiyo huweza kula saa nyingi. Zana ya pg_upgrade hujenga upya maelezo ya majedwali tu, na kuyachukua mafaili ya data kama yalivyo, hivyo huokoa muda.

Tahadhari ni ipi?
Weka nakala rudufu, na ufanye jaribio kwenye seva ya pembeni. Haraka haraka haina baraka: pg_upgrade ikiunganisha mafaili badala ya kuyanakili, ukishaliwasha toleo jipya, la zamani halitumiki tena kwa usalama.