Jicho likionekana jeupe kwenye picha ya mtoto

Watoto wa siku hizi wanapigwa picha nyingi kuliko tulizopigwa sisi utoto wetu wote, na hilo lina faida yake. Ukipiga picha kwa flashi, mara nyingi mboni hung'aa nyekundu, kwa sababu mwanga umefika nyuma ya jicho, kwenye retina na mishipa yake ya damu. Hiyo ni kawaida. Lakini mboni moja ikitoka nyekundu na nyingine nyeupe, kama jicho la paka gizani, usiifute picha hiyo.

Huenda ni pembe tu ya kamera. Huenda ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao nao hautaki kusubiri. Huenda pia ni retinoblastoma, saratani ya retina inayowapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Makengeza yaliyoanza karibuni ni dalili nyingine. Kinachowapoteza wazazi ni kwamba mtoto anakula, anacheza, halii. Mwanzoni ugonjwa huu hauumi.

Hakuna tone la duka la dawa linalotibu hili, wala maziwa ya mama (najua bado yanatiwa). Omba rufaa kwa daktari bingwa wa macho. Wapo KCMC Moshi, na CCBRT na Muhimbili jijini Dar es Salaam. Nenda na picha yako. Mtoto atatiwa matone ya kupanua mboni, na mara nyingi atapewa dawa ya usingizi ili retina ionekane yote, kwa macho yote mawili.

Uvimbe ukiwa mdogo, dawa za saratani, leza au kuugandisha kwa baridi kali vinaweza kuliokoa jicho. Ukiwa umelijaza, daktari atashauri jicho litolewe, na hapa ndipo familia hukwama. Kikao kinaitishwa, bibi anakataa, mtoto anarudishwa nyumbani. Miezi baadaye analetwa jicho limevimba, saratani imefuata mshipa wa fahamu kuelekea kwenye ubongo. Hofu hiyo naielewa, ila mara nyingi jicho linalogombewa lilishaacha kuona. Mtoto huwekewa la bandia, na kwa lile lililobaki anasoma na kucheza mpira.

Wakati mwingine ugonjwa huu hurithiwa. Kwa hiyo ndugu zake nao wapimwe, hata kama picha zao hazina kasoro, ukianza na aliye mchanga zaidi.