Mtoto ana homa, madoa ya damu yametoka wapi?



Mama mmoja aliniuliza swali wodini ambalo sikuwa na jibu lake fupi. Mwanawe wa miaka 4 alikuwa na homa kwa siku ya tatu. Nyumbani alikuwa amepewa kapsuli zilizobaki za kaka yake. Usiku ule mama aliona vidoa vyekundu miguuni, kama ameumwa na viroboto, na damu kidogo kwenye fizi. Majibu ya picha kamili ya damu yalipotoka maabara, daktari akasema chembe sahani zimepungua sana. Mama akanigeukia: "Sista, mwanangu hajakatwa popote. Hizo chembe zimekwenda wapi?"

Damu ina chembe nyekundu zinazobeba hewa safi, chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, na hizi chembe sahani, ndogo kuliko zote. Mwitaliano Giulio Bizzozero alizieleza mwaka 1882, akaonyesha kwamba ndizo zinazoziba mshipa uliopasuka. Hutoka katika uboho wa mifupa na huishi siku 7 hadi 10 hivi. Mtu mzima mwenye afya huwa na 150,000 hadi 450,000 katika milimita moja ya ujazo wa damu, yaani tone dogo kuliko kichwa cha njiti ya kibiriti.

Chuoni tulifundishwa kwamba kazi yake ni kugandisha damu, basi. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapewa alama zote. Leo tunajua jibu lile lilikuwa nusu.

Chembe sahani zinafanana na sungusungu wa kijijini. Mchana ni wakulima wa kawaida, lakini yowe likipigwa wanageuka walinzi. Bakteria wakiingia kwenye damu, chembe sahani huwatambua na kuwang'ang'ania. Humwaga kemikali zinazoweza kuua baadhi yao, na huziita chembe nyeupe. Mwaka 2007 watafiti wa Calgary, Kanada, walionyesha kwamba chembe sahani huzichochea chembe nyeupe kutoa nyuzi kama wavu, na bakteria wakanaswa humo. Mwaka 2017 wengine wa Munich, Ujerumani, waliziona zikitembea zenyewe na kuwakusanya bakteria mafungu mafungu, kama mtu afagiaye uwanja.

Lakini sungusungu nao wakizidi hasira huleta madhara. Bakteria wakienea katika damu yote, chembe sahani huitwa kila mahali kwa wakati mmoja. Damu huanza kuganda ndani ya mishipa midogo, na viungo kama figo hukosa damu ya kutosha. Wakati huohuo chembe hizo hutumika kuliko uboho unavyoweza kutengeneza nyingine. Hapo damu huvuja chini ya ngozi na kwenye fizi, ingawa hakuna kidonda. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto yule.

Malaria na magonjwa mengine pia hupunguza chembe sahani, kwa hiyo vidoa peke yake havitaji jina la ugonjwa. Wala kipimo kikionyesha malaria, si lazima bakteria wawe hawamo. Kazi ya mzazi ni kuviona na kuja. Bonyeza vidoa kwa ubavu wa glasi angavu. Upele wa kawaida mara nyingi hufifia, damu iliyovuja haififii. Kwa ngozi zetu nyeusi, tazama pia viganja, nyayo, ndani ya midomo na ndani ya kope ya chini. Mtoto mwenye homa na vidoa visivyofifia aletwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Tafadhali msivingoje vidoa. Wagonjwa wengi wa namna hii hawavipati kabisa. Mtoto anayepumua haraka, aliyelegea, asiyenyonya, mwenye shingo ngumu, mikono baridi au degedege, aletwe vilevile.

Mtoto mwenye homa asipewe asipirini. Inazilemaza chembe sahani kwa maisha yake yote mafupi, na inaweza kumletea mtoto ugonjwa adimu wa ini na ubongo. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake inatosha. (Babu aliyeandikiwa asipirini na daktari kwa ajili ya moyo asiiache kwa kusoma ukurasa huu!)

Wengine huuliza kama tunaweza kumwongezea mgonjwa chembe sahani. Inawezekana, lakini zikishatolewa kwa mchangiaji kwa kawaida hutunzwa siku 5 hadi 7 tu, nazo hazikai kwenye friji kama damu nyingine. Hospitali nyingi za wilaya hazina. Tegemeo letu ni sindano za antibiotiki zianze mapema, ili uboho upate nafasi ya kutengeneza mpya.

Mtoto yule alichomwa sindano usiku uleule. Alikaa nasi wiki mbili. Fizi ziliacha kutoa damu kwanza, vidoa vikafuata kufifia, na mama yake akaacha kuuliza habari za chembe akaanza kuuliza uji unaletwa saa ngapi.