Bangi Marekani: halali dukani, haramu uhamiaji

Wenye watoto wao Marekani huniuliza mara kwa mara: bangi huko ni halali au haramu? Jibu ni kwamba ni vyote viwili, wakati mmoja na mahali pale pale.

Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, polisi wake na mahakama zake. Juu yake ipo serikali ya shirikisho. Mwaka 1996 wapiga kura wa California waliwaruhusu wagonjwa kutumia bangi kwa ushauri wa daktari. Mwaka 2012 majimbo ya Colorado na Washington (jimbo la pwani ya magharibi, si mji mkuu) yakawaruhusu watu wa miaka 21 na zaidi waivute kwa starehe. Hadi mwisho wa 2023 majimbo 24 yalikuwa yamefanya hivyo. Duka lina leseni, stakabadhi unapewa, kodi inakatwa.

Lakini sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 haikufutwa. Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba inamfikia hata mgonjwa aliyeotesha bangi yake nyumbani kwa ruhusa ya California.

Mzaliwa wa Denver anaweza kuishi miaka bila kuiona makali yake. Anayeyaona ni mgeni, maana uraia hutolewa na serikali ya shirikisho. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji iliwaelekeza maofisa wake kwamba kutumia bangi, au hata kufanya kazi katika biashara hiyo, kwaweza kumkosesha mwombaji sifa ya mwenendo mwema, japo jimbo lake linaruhusu.

Sasa mfikirie kijana wetu mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu. Amepata kibarua cha kufunga pakiti katika duka lenye leseni. Mshahara wake unakatwa kodi, na serikali ile ile ya shirikisho inaipokea bila kuuliza imetoka wapi! Siku ya usaili wa uraia anaulizwa kazi yake. Akisema kweli, ombi laweza kukataliwa. Akidanganya, hilo nalo ni kosa. Na akikiri kwamba amewahi kuvuta, maneno yake mwenyewe yaweza kutumiwa dhidi yake, ingawa hajapata kufikishwa mahakamani. Kwa maoni yangu huu ni mtego. Amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hajaijaza fomu.